Picha moja ya Liyongo iliyogeuka mji mzima: uchambuzi wa kisa

Kabla ya kuanza

Jina la msanii, la mteja na la mji yameondolewa, na pale palipo na fedha nimetaja mafungu tu, si kiasi. Niliingia katika mradi huu ukiwa umekwisha kuvimba, nikiombwa kusaidia kuupunguza. Yaliyotangulia nimeyapata kwa msanii, kwa mteja, na kwa mafaili yenyewe, ambayo tarehe zake hazina aibu ya kusema ukweli.

Usuli

Msanii anaishi pwani ya Kenya. Alijifundisha kuchora kwa kompyuta akitumia Krita, programu ya bure, na tableti ya kuchorea isiyo na skrini, ile ya bei nafuu ambayo mkono unachora huku na jicho linatazama kule. Kwa miaka kadhaa alichora yale wanayoyachora wengi wanaojifunzia sanaa ya njozi mtandaoni: majoka yenye mabawa, ngome za mawe juu ya vilima vya theluji, mashujaa wa panga ndefu. Alikuwa na mkono mzuri na wafuasi wa kutosha. Wateja ndio waliokuwa haba.

Agizo lilitoka kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alitaka picha moja ya ukutani, ukubwa wa A2, ya Fumo Liyongo. Nusu ya malipo iliingia kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, nusu ingekuja picha ikifika. Muda ulikuwa wiki sita. Karatasi haikuwepo, makubaliano yote yalikaa katika ujumbe wa simu wa mistari michache.

Kwa asiyekulia na hadithi hii: Liyongo ni shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini, mtu wa kimo cha kutisha, ambaye mfalme wa Pate alimhofia. Silaha haimwingii, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwanawe anarubuniwa, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anazinduka, anachukua uta wake, anatoka hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na roho inamtoka hivyo hivyo alivyo. Mji unakaa na kiu siku kadhaa, maana hakuna anayethubutu kusogea; wote wanadhani yu hai na analenga.

Kwa mchoraji wa njozi hiyo ni karamu. Maiti aliyepiga goti, mitungi mitupu, umma unaochungulia kwa mbali. Ndiyo mandhari waliyokubaliana, na nasisitiza kwamba ilikuwa moja: kisima, basi.

Yaliyotokea

Mchoro wa awali ulikuwa tayari mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mteja aliupenda. Msanii akamwonyesha mzee mmoja mjuzi wa tenzi, kwa heshima tu, apate baraka. Mzee alikaa nao kimya kitambo, kisha akaweka kidole juu ya wanawake waliosimama na mitungi.

"Mwanangu, hawa wamevaa kanga?"

"Ndiyo, babu."

"Na kanga ilikuja lini?"

Kanga ni vazi la karne ya 19. Wataalamu wanabishana Liyongo aliishi lini, lakini hakuna anayemleta karibu hivyo. Nyuma ya wanawake wale palikuwa na mlango mkubwa wa nakshi, na milango ya namna hiyo iliyobaki leo mingi ni ya karne ya 18 na 19. Msanii alirudi nyumbani akafuta. Kanga zikawa vitambaa vya pamba visivyo na pindo wala maandishi. Alisoma kwamba Pate ilisifika kwa wafumaji wake, na kwamba hata Wareno walikuwa wakitafuta nguo za huko. Kuta zikawa za mawe ya matumbawe na chokaa. Mkononi mwa mwanamke wa mbele akatia kata ya kifuu, mpini umeshikwa kinyume, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Huo ndio mchoro bora zaidi wa mradi mzima, na ulitokana na swali la mzee.

Utafiti ule mzuri ndio uliofungua mlango. Msanii alipokuwa akisoma habari za kisima alikutana tena na kifungo cha Liyongo: mama yake anampelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada, ndani ya mkate mna tupa, na nje watu wanacheza gungu kwa kelele ili mlio wa chuma usisikike. Nani angeiacha picha hiyo? Akaichora. Kisha akamchora mwana na sindano. Akamtumia mteja zote tatu zikiwa bado skechi, naye akajibu kwa neno ambalo baadaye lilileta matatizo mengi: "Maashallah. Leta zote."

Bei haikutajwa. Tarehe haikutajwa.

Hapo ukafanyika uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio uliouzamisha mradi, ingawa wakati huo ulionekana wa kiufundi tu. Ili upeo wa bahari na mwanga wa jua vilingane kutoka picha hadi picha, msanii aliziweka zote tatu katika turubai moja pana, faili moja. A2 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 4,961 kwa 7,016, na tabaka moja lililojaa rangi (moja ya karatasi angavu zinazopangwa juu ya nyingine ndani ya faili) linakula karibu MB 139 za kumbukumbu. Tatu zikikaa bega kwa bega, tabaka hilo hilo linafika karibu MB 418. Matabaka ishirini yaliyojaa yanazidi GB 8, na GB 8 ndiyo iliyokuwa RAM yote, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya laptopu yake. Kufungua faili kukawa kazi ya kwenda kuchemsha chai. Kila mpigo wa brashi pana ulikuja nyuma ya mkono. Alipojaribu kulitoa kama PSD, muundo wa faili za Photoshop, kwa ajili ya wachapaji, likakataa, kwa sababu muundo huo una kikomo cha GB 2.

Badala ya kuligawa, wakaongeza mtu. Rafiki mmoja aliyejua Blender, programu ya kujengea vitu vya vipimo vitatu kwa kompyuta, alipendekeza waujenge mji kwa vipimo vitatu: ukishajengwa mara moja, kila picha itapata kivuli sahihi bure. Hoja ina mantiki, na kwa studio yenye watu kumi ningeiunga mkono. Wao walikuwa wawili, na mmoja wao alifanya kazi usiku tu. Wakajenga msikiti, ukuta wa mji, bandari yenye mtepe wa kushonwa kwa kamba na tanga la mkeka. Wakajenga hata ndani ya nyumba, kumbi pana za kifalme, mpaka mzee akawaambia kwamba nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi mita 2 na nusu hadi 3. Wakabomoa, wakajenga upya. Hakuna hata chumba kimoja kati ya hivyo kilichohitajika katika picha ya kisima.

Ramani ilikuja kwa sababu mji ulihitaji kujua bahari iko upande gani. Kitabu cha hadithi ya picha kilikuja kwa sababu ramani ilionekana kama ukurasa wa kwanza wa kitabu. Filamu fupi ya dakika tatu ilikuja kwa sababu mji wa Blender ulikuwepo tayari na "kamera ni kuipitisha tu". Nilipowauliza kama walikuwa wamepiga hesabu ya wahusika, ambao wangechorwa kwa mkono, walinyamaza. Hata kwa picha 12 kwa sekunde, dakika tatu ni michoro 2,160.

Wakati wote huo msanii alikuwa akiweka vipande mtandaoni. Kila kipande kipya kilipata mapokezi makubwa kuliko kurudia kwa kipande cha zamani. Hakuna anayeshangilia mkono wa Liyongo uliochorwa vizuri zaidi mara ya nne. Mtepe mpya ukitokea, watu wanapiga vigelegele. Ukiutazama mfululizo wa alivyovitoa pamoja na tarehe za mafaili, unaona wazi kwamba kazi ilifuata makofi. Kisima hakikuguswa kwa muda mrefu kuliko ule ulioagizwa kukimaliza.

Mteja alipigwa kalenda mpaka akachoka. Nyumba yake ilifunguliwa upya na ukutani akatundika picha ya majahazi iliyonunuliwa dukani. Kisha akapiga simu kudai pesa yake ya awali. Maneno yake msanii ameyakumbuka vizuri: "Mwanangu, mimi nilitaka picha. Sikutaka mji." Juma hilo hilo rafiki wa Blender alipata kazi ya mshahara, akashika hamsini zake, na akaondoka na mafaili ya mji, akisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye ndiye aliyeyajenga.

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Tulianza kwa kuandika kila kitu kilichokuwa kikiitwa sehemu ya mradi, kwenye karatasi ya kufungia iliyobandikwa ukutani. Msanii alidhani vitu vingekuwa sita au saba. Karatasi ilijaa, tukaongeza nyingine chini yake.

Kwa kila kitu tuliuliza mambo mawili: nani anakisubiri, kwa maana ya mtu mwenye jina aliyelipa au aliye tayari kulipa, na je, kikimalizika leo kinaweza kusimama bila vingine? Wafuasi hawakuhesabiwa kama mtu anayesubiri. Hilo lilimuuma msanii kuliko yote, tukabishana jioni nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba wafuasi ndio soko la kesho. Yangu ilikuwa kwamba soko la kesho lilimwona jana akiahidi filamu.

Kilichobaki na majibu mawili mazuri kilikuwa kisima peke yake. Ikaamuliwa hivi: kisima kikatwe kutoka turubai pana kiwe faili lake, matabaka yaliyokwisha kukubaliwa yaunganishwe, yabaki machache yanayobadilika, nyuma ya kisima mji wa Blender utumike kama picha bapa iliyokwisha kutolewa, msanii apake rangi juu yake bila kurudi kwa rafiki, ukubwa ubaki A2 ileile. Picha mbili nyingine zihifadhiwe. Kitabu na filamu vifutwe hadharani, kwa tangazo, maana bila tangazo vingeendelea kudai.

Kuunganisha matabaka kulihitaji ujasiri. Mchoraji wa kidijitali huona tabaka lililo wazi kama mlango wa kutokea, na kulifunga ni kukubali kwamba mkono ule sasa ndio mkono. Tulihifadhi nakala ya faili kubwa kwenye diski ya nje ili moyo utulie, na mpaka leo haijafunguliwa.

Kwa mteja msanii alikwenda mwenyewe, hakutuma ujumbe. Alimwamkia, akaomba radhi, akampa njia mbili: kurudishiwa fedha kwa mafungu, au kupokea picha ndani ya mwezi na kulipa robo tu badala ya nusu iliyobaki. Mama alichagua picha, shingo upande, kwa sharti kwamba aione karatasi kabla ya kulipa.

Matokeo

Sharti lile la mteja liliokoa kazi. Msanii alikuwa amemzungushia Liyongo mwanga wa samawati ya kijani, ule unaong'aa kama jini anapotokea, na kwenye skrini ulitetemesha. Wachapaji walitoa kipande chembamba cha majaribio na mwanga ukaja kijivu kama maji ya kufulia. Rangi za skrini, RGB, zinatengenezwa kwa nuru. Zile za karatasi, CMYK, kwa wino, na samawati kali za aina hiyo ziko nje ya uwezo wa wino wa kawaida. Krita ina namna ya kuonyesha kwenye skrini rangi zitakavyotoka zikichapwa, lakini kazi yake yote msanii aliizoea kuiona mtandaoni na hakuwa amewahi kuitumia namna hiyo. Aliuondoa mwanga. Akafanya kinyume: akakoleza giza la ukuta wa nyuma, na ngozi ya Liyongo ikang'aa kwa kulinganishwa. Picha ikawa bora.

Picha ilifika, ikatundikwa, ikalipiwa. Ilichelewa zaidi ya mwaka. Kifungo na sindano zilimalizwa baadaye, kila moja kwa faili lake, na nakala zake zinauzwa. Wafuasi wachache walilalamika kuhusu filamu. Wengi hawakusema neno.

Ramani ndiyo iliyotuumbua. Katika karatasi ya ukutani tuliipiga mstari bila huruma, maana hapakuwa na aliyeisubiri. Msanii aliiweka mtandaoni ilivyo, nusu imemalizika, kama kumbukumbu ya kazi iliyoachwa. Walimu wakaanza kuiulizia. Sasa anaimaliza, kwa malipo, na inaelekea kumwingizia zaidi ya picha ya kisima.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibu

Mradi wa njozi una ugonjwa wake wa pekee. Picha ya mtu au ya bidhaa ina mpaka unaojionyesha. Kiatu kikishachorwa kimechorwa. Ulimwengu wa kubuni hauna ukuta wa nyuma. Ukichora kisima, kuna njia inayotoka kisimani, na njia inakwenda mahali. Kwa hiyo kumwambia mchoraji wa njozi asiongeze kitu ni kumwambia asiwaze, na sioni faida ya ushauri huo. Swali la kanga lilikuwa nyongeza pia, na bila lile picha ingekuwa ya kawaida.

Tofauti kati ya swali la kanga na mji wa Blender ni mahali ambapo kazi iliishia. Utafiti wa mavazi ulirudi ndani ya picha iliyoagizwa: kitambaa kilibadilika, kata ikapatikana. Mji ulitoka nje ya picha na haukurudi. Ndiyo maana nililaumu turubai pana kuliko nilivyolaumu wazo la picha tatu. Picha tatu katika mafaili matatu zingeweza kutoka moja moja, na mteja angekuwa na kisima ukutani huku nyingine zikichelewa. Zilipofungwa pamoja, kila moja ikawa mateka wa mwenzake: kisima hakiwezi kutoka mpaka upeo wa bahari ulingane na kifungo, kifungo hakitoki mpaka sindano ipate kivuli. Tatizo la RAM lilikuwa dalili yake iliyoonekana kwa macho, na msanii aliisoma kama sababu ya kununua kompyuta kubwa zaidi. Bahati nzuri hakuwa na pesa.

Vipimo vitatu vilikuwa na madhara ya pili ambayo wenyewe hawakuyaona. Blender iliwapa hisia kwamba kazi inasonga, kwa sababu ukuta uliojengwa unabaki umejengwa, ilhali uso wa Liyongo ulikataa kila siku. Ukikwama kwenye uso, kujenga nyumba ni raha. Nimewaona wachoraji wengine wakikimbilia brashi mpya au aina mpya ya karatasi ya kidijitali kwa sababu ileile. Kipimo kizuri ni kuuliza ni sehemu gani ya picha ambayo msanii hataki kuifungua. Kwa kawaida hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

Kuhusu maswali yetu mawili ya karatasi ya ukutani, yalifaa kama panga, si kama mizani. Yalitusaidia kukata haraka wakati nyumba inaungua. Ramani imeonyesha kwamba hayajui thamani ya kitu ambacho bado hakijaonekana na mtu. Nikirudia kazi hii nitaacha nafasi ya kutoa vilivyokatwa hadharani vilivyo, bila ahadi, kisha kungoja.

Makubaliano ya maneno ndiyo sehemu rahisi kueleza na yenye gharama kubwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi ikiagizwa, hakimiliki inahamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Kwa sheria hiyo, ile "Leta zote" ingeweza kusomwa kama agizo la picha tatu, na msanii angeuza nakala za mali ya mtu. Mama hakuwa na nia hiyo, akatia sahihi ukurasa mmoja unaosema picha ya ukutani ni yake, haki ya kuchapa nakala ni ya msanii. Kwa rafiki wa Blender mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mwajiri wala mwajiriwa, walikuwa wawili tu wenye hamu. Walimaliza kwa kugawana: mafaili ya mji ni ya rafiki, picha zilizokwisha kutolewa kutoka kwayo msanii anaruhusiwa kuzitumia, na ramani, iliyochorwa kwa mkono juu ya ile ya Blender, inamlipa rafiki fungu dogo kila nakala inapouzwa. Fungu hilo waliliandika kabla ya mwalimu wa kwanza kulipa.